Juisi ya Mabirimbi Niliyomkamulia Mke Wangu

Ndugu wasomaji, mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili, mkaazi wa Mabela, hapa Maskati. Ninaandika haya nikiwa peke yangu katika nyumba kubwa isiyo na sauti. Mke wangu yu hai, namshukuru Mungu kwa hilo kila ninapofungua macho... lakini hayuko hapa. Yuko Amerat, nyuma ya milima, kwa binti yetu. Aliyemfanya aihame nyumba yake ni mimi.

Sikumpiga. Sikumwolea mke mwenza. Nilimkamulia juisi!

Najua wako watakaocheka. Chekeni, sitawalaumu. Ingekuwa habari ya mtu mwingine, na mimi ningecheka. Ninachoomba ni mnisome mpaka mwisho kabla hamjarudi jikoni kwenu.

Nimezaliwa Unguja, nikasoma huko mpaka sekondari, kisha nikaja Oman nikiwa kijana. Nilipata kazi serikalini, nikaoa, nikazeekea ofisini. Mke wangu jina lake Zeyana, naye ni mtoto wa Unguja kama mimi. Mungu ametujaalia mtoto mmoja tu, Asya, ambaye sasa ni mwalimu na ana mume na watoto wake huko Amerat.

Kustaafu kulinishinda. Nani aliniambia kwamba siku moja nitakuwa mtu wa kunyanyua miguu ili sakafu ipigwe deki? Ofisini nikiingia watu walisimama. Nyumbani nikiingia jikoni naulizwa, "Unataka nini huku?" Zeyana alikuwa na jiko lake. Prossy, binti wa Kiganda anayemsaidia kazi, alikuwa na mipango yake. Mimi sikuwa na kitu. Nilikaa na rimoti mkononi, nimekunja uso, nikibishana na msomaji wa taarifa ya habari ambaye hanisikii.

Basi siku moja nikaingia duka la vyombo vya umeme kununua balbu. Kijana wa duka alikuwa akionyesha wateja mashine ya kukamua juisi. Alitumbukiza karoti na tufaha, mashine ikanguruma, upande mmoja ikatoka juisi yenye povu, upande wa pili yakatoka makapi makavu. Akanipa kikombe. Nikanywa. Sijui niseme nini... Nilirudi nyumbani bila ya balbu, nimekumbatia boksi la mashine!

Zeyana aliitazama ikitolewa kwenye boksi, akaniuliza blenda yake ina kosa gani. Nikamweleza, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba blenda inasaga kila kitu pamoja, ila hii inatenga maji ya tunda na makapi yake.

"Aa," akasema. "Yaani unatupa tunda, unakunywa maji yake."

Nikakasirika. Kwa nini mtu ukianza jambo jema lazima apatikane wa kulitia ila?

Nikaanza, na tabu ikaanza! Kile kijitabu cha maelezo nilikitupa pembeni. Mtu aliyewahi kuongoza idara nzima asomeshwe na kijitabu cha mashine? Nikasukuma karoti nzima nzima, nikafuatisha tangawizi bila ya kuikata. Nyuzi za tangawizi zikajizungusha kwenye chujio, mashine ikagoma na kutoa harufu ya waya unaoungua. Nilipokuja kuiwasha tena, nikajaribu komamanga, na mfuniko sikuufunga sawasawa. Loo! Punje nyekundu zilirukia dari, zikarukia pazia, zikanirukia na mimi kwenye kanzu yangu nyeupe ya Ijumaa. Zeyana alikuja mbio, akasimama mlangoni, mkono kifuani.

"Ba Asya, umechinja nini humu?"

Prossy alicheka mpaka akakaa chini. Kicheko kilimwisha alipopewa kuiosha. Tangu siku hiyo alikuwa analalamika kila akiinama kwenye sinki, anachokoa makapi kwa mswaki wa zamani: "Baba, hii kitu kunywa ni dakika moja, kuosha ni saa nzima! Kwetu mtu akitaka chungwa anamenya, anakula, khalas!"

Nilikuwa nikimfokea. Nilikuwa nikimfokea kila mtu. Juisi ikitoka na povu tupu, nilimlaumu muuza karoti. Mboga za majani zikipita bila ya kutoa tone, nilimlaumu aliyeziosha. Nikikamua jagi zima asubuhi, mchana nakuta imejitenga, maji juu na tope chini, rangi imegeuka... na hakuna wa kumlaumu, basi naulaumu umeme.

Polepole nikajifunza. Nikajua kwamba majani huviringishwa kwenye kipande cha tango ndipo yakasukumwa. Nikajua kwamba tangawizi hukatwa vidogo vidogo, kwamba juisi hunywewa pale pale inapotoka, na kwamba chujio huoshwa kabla makapi hayajakauka. Siku moja nikakamua karoti na machungwa, nikatia tangawizi kiasi cha ncha ya kidole. Zeyana akanywa, akanyanyua nyusi.

"Hii nzuri," akasema.

Ndugu zangu, maneno mawili yale yalinilewesha. Sikuwa nimesifiwa na mtu tangu nilipostaafu. Nikaona nimepata kazi mpya, na kazi yenyewe ni kumtengeneza mke wangu.

Kutoka hapo sikumwacha apumue. Asubuhi juisi, alasiri juisi. Siku moja nikamkamulia bitiruti, kile kiazi chekundu. Baadaye akatoka msalani uso umemshuka, akaniambia anakojoa damu. Tulitaka kukimbilia hospitali. Nikafungua simu, nikasoma, nikaona kumbe ni rangi ya bitiruti tu. Tukacheka sote mpaka machozi.

Laiti tusingecheka! Kwa sababu tangu siku ile nikawa na jibu la kila kitu. Tumbo likimsokota, ni juisi inafanya kazi. Kichwa kikimuuma, ni sumu inatoka. Nani atabishana nami? Si nilishinda lile la bitiruti?

Haukupita muda, vipimo vyake vikaonyesha mafuta mengi kwenye damu. Daktari akampa vidonge. Zeyana akawa analalamika kwamba vinamlegeza miguu. Alikuwa analalamika kama mtu anavyolalamikia joto, litapita. Mimi nikachukulia kama nimepewa amri.

Tuna kundi letu la simu, wazee tuliosoma pamoja. Mmoja wetu akarusha video ya bwana mmoja aliyevaa koti jeupe, sijui daktari, sijui mpishi. Anasema juisi ya mabirimbi mabichi inayeyusha mafuta mwilini kama sabuni inavyoyeyusha mafuta kwenye sahani.

Mabirimbi! Aliyezaliwa Unguja nani asiyeyajua? Yale matunda madogo ya kijani, marefu kama kidole, machachu mpaka meno yanaingia ganzi. Kwetu yalitiwa kwenye mchuzi wa samaki, yakaanikwa, yakafanywa achari. Tulipokuwa watoto tuliyala na chumvi na pilipili, moja, mawili, macho tumeyafumba. Lakini kuyakamua ukanywa gilasi nzima? Sikumwona mama hata mmoja akifanya hivyo. Hilo peke yake lilitosha kunifanya nijiulize.

Sikujiuliza. Nilijiambia kwamba mama zetu hawakuwa na mashine.

Binamu yangu alikuwa anarudi kutoka Unguja, akaniletea boksi la barafu limejaa mabirimbi. Nikayapanga kwenye friza kama mtu anayepanga dhahabu. Yalipokwisha, nikagundua duka moja la Wahindi kule Ruwi wanayauza mabichi kabisa. Nikawa mtu wa Ruwi! Mzee mzima natoka Mabela na foleni yote ile, jua linanichoma kupitia kioo cha gari, nawatukana madereva wenzangu, kisa mabirimbi. Na nikirudi na mfuko wangu najiona nimekwenda kumletea Zeyana maisha.

Alipoonja mara ya kwanza alifumba macho yote mawili.

"Mabirimbi haya! Mtu anakunywa mabirimbi, Ba Asya?"

"Dawa hiyo."

"Dawa ya nani?"

"Yako wewe. Kunywa, bibi, usinivunje moyo."

Akanywa. Mimi mwenyewe sikuinywa, kwa sababu nina vidonda vya tumbo na uchachu siuwezi. Kwa hiyo nilikuwa nikimpa mwenzangu kitu ambacho mimi nisingethubutu kukitia mdomoni. Upofu uwe vipi tena?

Vile vidonge vyake akaviacha. Ningependa kuwaambia kwamba aliviacha kwa hiari yake... hapana, nisiwadanganye. Mimi ndiye niliyemwambia aviache.

Ramadhani ikaingia, na joto lilikuwa limekwisha kuanza. Hapa mtaani kwetu tunapelekeana futari. Sambusa zinatoka nyumba hii, bakuli la shurba, supu ya ngano, linarudi kutoka nyumba ile, na hakuna chombo kinachorudishwa kitupu. Mimi nikaona nafasi yangu. Nikawa nakamua majagi ya mabirimbi, natia tufaha na sukari kidogo kuukata uchachu, napeleka kwa majirani kwa mkono wangu. Jagi la kwanza lilikwenda kwa Bwana Seif, rafiki yangu, tunayepakana naye ukuta kwa ukuta.

Kesho yake, tukitoka msikitini alasiri, Seif akanishika bega. "Ile juisi yako, yakhe, mambo! Watoto wanaigombania."

Kifua kikanipanuka. Nyumba nyingine nazo zikanisifu. Nikaongeza mabirimbi.

Na Zeyana nikamwekea gilasi kubwa kuliko zote. Akishafungua kwa tende tu, juisi inafuata, kabla ya maji, kabla ya shurba. Nilisikia kwamba tumbo likiwa tupu ndiyo inafanya kazi zaidi. Hebu fikirini! Mtu hajatia tone la maji mdomoni tangu alfajiri, mwili umekauka, nami namtilia uchachu mtupu kila Magharibi. Kweli ilifanya kazi. Ilifanya kazi kuliko nilivyotaka.

Ilianza kwikwi isiyokatika. Kisha mgongo ukawa unamuuma, pande zote mbili. Akawa anakula tende moja, anaisukuma sahani. Prossy akanifuata ukumbini, akaniambia kwa aibu, akitazama chini, kwamba Mama haendi haja ndogo kama zamani. Nikamwambia akashughulike na vyombo vyake.

Alasiri moja Zeyana alikuwa amelala ubavu, amejifunika shuka ijapokuwa kuna joto.

"Ba Asya," akaniita kwa sauti ndogo. "Mimi nnaumwa. Nnaona nifungue, nende nikaonekane."

"Sumu inatoka hiyo. Vumilia kidogo. Ukikatiza sasa itakuwa kazi bure."

"Sumu gani niliyokula mimi?"

Nilitoka nikaenda kuosha mabirimbi ya jioni.

Mnaniona? Mke anasema anaumwa, dini yenyewe imempa ruhusa ya kufungua, na mimi namzuia kwa sababu ya mashine! Nilikuwa nikilinda kitu gani? Nilikuwa nikilinda yale maneno mawili, "Hii nzuri."

Asya ndiye aliyemwokoa. Alikuja kutuletea futari, akamkuta mama yake amevimba uso na miguu, anatapika maji ya njano. Hakumwomba mtu ushauri. Alimvisha baibui, wakamshika yeye na Prossy, wakamtia garini. Kabla hajawasha gari akanigeukia.

"Baba, tangu lini yuko hivi?"

"Ni funga tu, mwanangu," nikamwambia.

Hospitali walimtoa damu, wakaondoka wanatembea. Waliporudi walikuwa wanakimbia. Figo zake zimesimama, walisema. Inabidi asafishwe damu kwa mashine, na haraka.

Daktari alikuwa kijana mpole. Aliuliza kwa Kiarabu kama mgonjwa alitumia dawa yoyote ya miti, au kitu chochote cha kienyeji, au chochote kisicho cha kawaida. Asya akajibu kwamba mama yake hana mambo hayo. Daktari akanigeukia mimi. "Wewe ndiye unayekaa naye nyumbani, mzee wangu. Kuna kitu?"

Nilimtazama Zeyana. Alikuwa macho. Alikuwa ananitazama.

"Hapana," nikasema. "Chakula chetu cha kawaida."

Kwa nini nilisema vile? Nilijiambia kwamba wameuliza dawa, na mabirimbi si dawa, ni matunda. Jikoni nilikuwa nikiyaita dawa, hospitali yakageuka matunda! Huo ulikuwa uongo niliojidanganya nao mwenyewe. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Binti yangu yupo, mkwe wangu amesimama mlangoni, wauguzi wanasikiliza... nikiri kwamba mimi, mtu mzima na heshima zangu, ndiye niliyemkamulia mke wangu uchachu mpaka figo zikasimama?

Wakamtia kwenye mashine. Nilimwona amelala, damu yake inatoka kwenye mpira huu na kurudi kwa mpira ule, uso wake umekuwa wa rangi ya jivu. Daktari akaniuliza tena. Wa zamu nyingine naye akaniuliza. Jibu langu lilikuwa lile lile. Wakatafuta mawe, hakuna. Wakadhani ni vijidudu, wakampa dawa, wakaiondoa, wakampa nyingine. Wote wale wanahangaika gizani, na taa nimeikalia mimi!

Na Zeyana naye hakusema neno. Nilidhani hana nguvu za kusema. Nikajifariji hivyo.

Mwisho wakasema hawana njia ila wamtoboe mgongoni kwa sindano, wachukue kipande kidogo cha figo wakakitazame. Zeyana anaogopa sindano kuliko kitu chochote duniani. Walipokuja kumchukua alinishika mkono, kucha zikaniingia, akanikazia macho. Bado sikusema! Niliwaacha wamtoboe mgongo mke wangu kutafuta kitu ambacho kilikuwa kwenye ulimi wangu.

Majibu yalipotoka daktari alitukusanya kando ya kitanda. Alisema figo zimejaa chembe ndogo ndogo, kama vumbi la kioo. Akasema chembe hizo huletwa na aina fulani ya uchachu ulioko kwenye baadhi ya matunda na mboga, mtu akizitumia kwa wingi, na kwa aliyefunga bila ya maji hali huwa mbaya zaidi. Akaanza kuyataja matunda yenyewe. Asya alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana... mara akaacha. Akanigeukia taratibu.

"Baba," akasema. "Friza yote ile ya mabirimbi."

"Ilikuwa kidogo tu, mwanangu, mimi nilikuwa—"

"Sema." Ilikuwa sauti ya Zeyana, kutoka kitandani, kavu kama karatasi. "Sema yote."

Nikasema yote. Mbele ya binti yangu, mbele ya mkwe wangu, mbele ya wauguzi. Gilasi za futari, vidonge nilivyomwachisha, na kwamba alitaka kwenda hospitali nikamzuia. Asya alitoka nje, nikamsikia analia kwenye ujia. Daktari hakunigombeza, na afadhali angenigombeza! Aliniambia kwa upole kwamba angejua tangu mwanzo wasingehitaji kumtoboa, na ziko dawa wasingempa kabisa. Nikamuuliza kama figo zingepona. Akasema, "Huenda." Neno hilo ndilo ninaloamka nalo.

Zeyana alipotoka hospitali hakurudi Mabela. Alikwenda moja kwa moja Amerat, na Prossy akamfuata. Mpaka leo anapelekwa kusafishwa damu. Daktari anasema figo zimeanza kuamka kidogo, lakini hawezi kuahidi zitafika wapi.

Mashine ya juisi nimeifunga kwenye boksi lake. Kila siku ninaendesha gari kuvuka ile milima kwenda kumwona mke wangu. Ananipokea sebuleni, ananitilia kahawa, ananisogezea tende... kama mgeni! Mume wa umri wote huu anakaribishwa kama aliyekuja kutoa pole.

Siku moja nikashindwa, nikamwomba radhi kwa ile juisi.

"Juisi nishakusamehe," akanambia. "Ulinipa kwa mapenzi, na mimi nikainywa kwa mapenzi. Ulipostaafu ulikuwa kama mtu aliyefiwa. Nikaona ukifurahi kwa mabirimbi, basi na nnywe mabirimbi. Lakini daktari alikuuliza, Ba Asya."

"Na wewe ulikuwa macho," nikasema. Mjinga mimi! "Mbona wewe hukusema?"

Alikizungusha kikombe cha kahawa mkononi.

"Nikuseme mbele ya mkweo? Mbele ya mtoto wako? Umri wote huu nnakusitiri, leo nende nikuvue nguo hospitali? Nilikuwa nnakungoja useme mwenyewe. Kila alipouliza nilikutazama. Nasema, sasa atasema... sasa atasema. Nimetobolewa mgongo nnakungoja wewe!"

Ndugu wasomaji, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sisi watu wa nyumba zetu tumelelewa kusitiriana. Mume hamwaniki mke, na mke hamwaniki mume. Ni tabia nzuri, sitaki mtu aiache. Lakini mimi niliificha nafsi yangu nyuma ya sitara ya mke wangu, na yeye ndiye aliyelipa.

Kabla sijaondoka akaniambia jambo moja zaidi. Wale majirani niliowapelekea majagi, niende nikawaambie kwa mdomo wangu. Hataki walisikie kwa umbeya, na hataki mtu mwingine aumie.

Nilikwenda kwa Seif. Ana watoto, ana mama yake mzee mle ndani... na mimi nilikuwa nikiwapelekea majagi kwa tabasamu! Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Alinisikiliza, akajikuna ndevu, akatazama pembeni.

"Nikwambie kweli, hutonuna?"

"Niambie."

"Juisi yako sisi hatukuinywa, bwana. Chachu, yakhe, kama maji ya betri! Siku ile ya kwanza nilionja tone, masikio yakaziba. Mama watoto akawa anaimwaga kwenye sinki, anakuoshea jagi, anakutilia sambusa."

"Na zile sifa zote msikitini?"

"Ningekwambia nini? Mzee wa watu umekamua kwa mikono yako! Mtu akikuletea futari unamwambia ni mbaya?"

Nyumba ya pili walinijibu hivyo hivyo, wakicheka kwa haya. Nyumba ya tatu walikuwa wakiimwagia bustanini, mpaka mnanaa wao ukakauka. Nilirudi nyumbani, nikafunga mlango, nikacheka... kisha nikalia. Mtaa mzima uliimwaga. Aliyeinywa ni mtu mmoja tu.

Nilipomsimulia Zeyana alicheka, mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Alicheka mpaka akakohoa, Prossy akaja mbio kumshika mgongo. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Na mimi ningeimwaga," akasema. "Sinki nnalo na mimi. Lakini ulikuwa husogei, Ba Asya! Unanisimamia kama askari mpaka uione gilasi tupu."

Ndugu zangu, simlaumu aliyerusha video wala muuza mabirimbi, na mashine haina kosa. Anayetaka kuanza kukamua matunda na mboga nyumbani kwake aanze. Chungwa na karoti havijamuua mtu. Lakini anzeni na yale mliyoyaona yakinywewa, na kwa kiasi kidogo. Jambo ambalo mama zetu hawakulifanya, ulizeni kwanza kwa nini hawakulifanya. Mwenye vidonge vyake asiviache kwa maneno ya mtu aliyevaa koti jeupe kwenye simu. Aliyefunga kutwa apewe maji, maskini, apewe maji! Na ukimtengenezea mwenzako kitu kwa mikono yako, kiweke mezani uondoke. Mwache achague mwenyewe. Akikimwaga, hajakumwaga wewe.

Zaidi ya yote nawasihi, hasa nyinyi wanaume wenzangu wenye mvi na heshima zenu: daktari akiuliza, semeni! Semeni hata kama mkwe amesimama mlangoni. Aibu ya siku moja mtu huimeza. Mimi niliikataa ile ya siku moja, sasa ninakunywa ya kila siku.

Wiki hii Asya amekubali, kwa mara ya kwanza, nimpeleke mimi mama yake kusafishwa damu. Daktari bado ana desturi ya kuuliza kama kuna lolote jipya nyumbani. Safari hii hatohitaji kuuliza. Nitamweleza mimi, kabla hajavuta kiti.